Majani Yaliyoota Ndevu

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo. Mtu mwenye akili iliyotulia angelijibu huku akipiga mswaki. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na Kyambogo alikuwa amesema atapita kwetu Jumamosi kuliona tangi langu la samaki. Likimpendeza, atanipa kazi ya kumtengenezea jingine la pale mapokezi na kulitunza kila wiki. Tangi langu lilikuwa limeota ndevu. Je, nimwache aje, au nimwambie asije?

Nikimwambia asije, atauliza kwa nini. Nikisema tangi linaumwa, atajiuliza huyu ni mtunzaji gani ambaye hata la kwake linaumwa. Nikisema nimesafiri, mama yangu anaimba naye kwaya moja, na mama yangu hajui kudanganya. Huanza kucheka kabla uongo haujafika katikati. Nikimwacha aje, ataona. Labda hataona. Lakini kama haoni, basi hajui tangi zuri likoje, na kama hajui, ananiajiri kwa kigezo gani? Hapo nikageukia ukutani na kuanza upya.

Ninaposema ndevu sitii chumvi. Kwenye kingo za majani, hasa yale mapana na magumu ya mmea unaoishi juu ya gogo, kulikuwa na vishungi vyeusi vifupi, vimesimama wima, vikipepea kila pampu ilipopuliza maji. Ukitazama kutoka mlangoni ungedhani kila jani limeshonewa manyoya. Baba aliyaona kabla sijakubali kuyaona.

"Hii majani yako iko na ndevu kushinda mimi," alisema, akarudi kwenye habari zake za redioni.

Kiswahili cha baba ni cha kambini. Yeye ni mtu wa Arua, mama ni mtu wa Lira, walikutana kwenye kambi ya polisi, na lugha pekee waliyoweza kugombana nayo kwa usawa ilikuwa hii. Baba anaswali, mama anaimba kwaya, na sisi watoto tulikua tukila sikukuu za pande zote mbili bila kuuliza maswali. Baba alipostaafu upolisi tukahamia nyumba ndogo nyuma ya Nakawa. Yeye alistaafu, lakini zamu haikumwacha: mpaka leo anakagua geti, anakagua madirisha, anakagua viatu vyangu.

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia na kurudi kukaa sebuleni. Sitaki kueleza sana habari za kutafuta kazi, kwa sababu kila anayesoma hapa ana zake. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimeandika barua nyingi za maombi kwa heshima nyingi, na heshima yenyewe haikuwa imejibiwa. Tangi ndilo lililokuwa limejibu. Nililichukua kwa fundi wa vioo vya madirisha kule Kawempe, ambaye alinihakikishia kwamba halitavuja na kweli halikuvuja. Nikalijaza mchanga, gogo, mimea hai, konokono na samaki wadogo wa mikia mipana. Matangi mengi unayoyaona mjini yana mawe ya bluu na kasri ya plastiki. La kwangu lilikuwa na mimea inayoota. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu, pengine jambo langu pekee. Mama alionyesha picha yake kwenye simu baada ya mazoezi ya kwaya, na yule mama mwenye nyumba ya wageni akasema anataka kitu kama hicho, chenye majani ya kweli. Picha ilipigwa kabla ya ndevu.

Ndevu zilipotokea, wiki kadhaa kabla ya Jumamosi ile, nilianza kama nilivyofundishwa: kwanza tambua, ndipo utibu. Vitabuni uchafu huu unaitwa mwani, na mwani si mmoja. Kuna ule unaoacha madoa ya kijani magumu kwenye kioo, kana kwamba mtu amenyunyiza rangi ya mlango. Huo unaukwangua kwa wembe na unasahau. Kuna vumbi la kahawia linalokaa juu ya majani ya tangi jipya, unalifuta kwa kidole na siku moja linaondoka lenyewe. Kuna nyuzi za kijani ndefu kama sufi, unazizungusha kwenye mswaki kama tambi kwenye uma na zinatoka zote. Kuna utando wa kijani unaoelekea bluu, unaoteleza na kunuka kama kitambaa kilichosahaulika majini. Huo kwa kweli si mwani, ni bakteria, na dawa yake ni nyingine. Halafu kuna ndevu nyeusi, ambazo hazitelezi, hazifutiki, na hazina haya.

Mtu mwingine angeishia hapo: ni ndevu nyeusi, tuendelee. Mimi nilianza kujiuliza kama ni zenyewe kweli. Kuna aina nyingine ya kijivu yenye matawi kama kichaka kikavu. Je, kama ni hiyo? Kama ni zote mbili? Nilitazama majani kwa tochi, kwa kioo cha kukuzia cha baba cha kusomea gazeti, na kwa kamera ya simu, na kila kifaa kilinipa jibu lake. Ndipo niliposoma kwamba ndevu hizi, ingawa macho huziona nyeusi, kwa ukoo wake ni mwani mwekundu, na ukiziloweka kwenye pombe kali rangi ya juu hutoka na wekundu hujitokeza. Nikafurahi. Hatimaye kulikuwa na kipimo.

Spiriti ya duka la dawa ilikuwa na rangi ya zambarau, na mimi nilikuwa natafuta wekundu, kwa hiyo nikaikataa. Kitakasa mikono kilikuwa jeli, nikaogopa jeli nayo ingeleta utata. Kilichobaki kilikuwa waragi, pombe kali ya kienyeji, na waragi haingii nyumbani kwa baba. Nikaenda nyuma ya nyumba kwa mpangaji wetu, mama mshonaji kutoka upande wa Bukavu, ambaye ana cherehani yake sokoni Nakawa na mara nyingi hula nasi. Alikuwa na kichupa kidogo. Ni cha kukanda magoti, aliniambia, nami sikuuliza zaidi. Nikamimina kiasi kwenye glasi, nikatumbukiza kipande cha jani, na kuificha glasi nyuma ya televisheni.

Nilisahau kwamba baba alisimama kwenye vizuizi vya barabara miaka mingi. Aliporudi kutoka msikitini aliingia sebuleni, akasimama, akanusa upande wa kushoto, akanusa upande wa kulia, akaenda moja kwa moja nyuma ya televisheni. Akaileta glasi mezani kama ushahidi.

"Mama," aliniita. Baba akiniita mama, ujue mambo ni mazito. "Umeanza lini?"

Nikamwambia si yangu, ni ya jani.

"Jani inakunywa?"

Nikamweleza habari za ukoo wa mwani, rangi ya juu na rangi ya ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza washukiwa wote.

"Kuna mmoja nilikamata barabara ya Jinja," akasema, "aliniambia chupa ni ya ng'ombe. Huyo hakuwa na digrii."

Mama alilazimika kuingilia kati, na hata hivyo baba alikaa na glasi ile mkononi, akiilinda dhidi yangu. Asubuhi vishungi vilikuwa vyekundu kama chai ya rozela. Nilimwonyesha. Aliangalia, akakubali kwa kichwa kwamba kuna kitu kimekuwa chekundu, na akaimwaga glasi kwenye choo. Furaha yangu haikumaliza kikombe cha chai. Nilikuwa nimejua jina la adui. Adui mwenyewe alikuwa bado anapepea.

Nikaanza kuondoa. Nilisugua kwa kidole, hazikutikisika. Nilisugua kwa mswaki. Jani lilichanika na ndevu zikabaki kwenye vipande vyote viwili. Nilinunua dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu, nikatoa gogo majini, nikazipaka kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikasubiri kidogo na kurudisha. Hiyo ilifanya kazi. Baada ya siku kadhaa vishungi viligeuka waridi, vikalegea, konokono wakala vingine. Nikampigia mama simu akiwa sokoni kumwambia tumeshinda. Wiki iliyofuata jani la jirani likaota, kisha lile la juu yake, kisha gogo lenyewe, kisha bomba la pampu, ambalo si mmea na halikuwa na sababu yoyote ya kuingilia.

Kila mtu alikuwa na nadharia. Mpangaji alisema nitie ndimu. Mama alisema ni macho ya watu. Tangu picha ile izunguke kwenye kwaya, wangapi wamelitazama tangi kwa roho safi? Baba alisema maji hayakaguliwi. Mimi nadharia zangu zilikuwa nyingi zaidi na zenye aibu zaidi, kwa kuwa zilijifanya sayansi. Nilishuku maji ya bomba. Nilishuku mchanga. Nilishuku mbolea ya mimea, nikaiacha. Nilishuku sabuni ya mikono yangu, nikanawa kwa maji matupu mpaka mama akasema nanuka samaki. Taa nilikuwa naiwasha asubuhi na kuizima jioni ileile, kama inavyotakiwa. Chakula nilikuwa nawapa kidogo mno, kwa ncha ya kijiko. Hesabu zote zilikuwa sawa na jibu lilikuwa ndevu. Hakuna kinachochosha kama kufanya kila kitu sawasawa na kuharibikiwa.

Jumatano ya wiki ile ya mgeni niliamka alfajiri, kwa sababu usingizi wenyewe ulikuwa hauna faida. Nikaingia sebuleni nikamkuta baba amevaa kanzu, anajiandaa kwenda kuswali. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi ya tangi. Alikuwa anazima.

"Baba, hiyo taa niliizima mimi jana jioni."

"Ndiyo," akasema. "Na mimi nikawasha."

Aliniambia bila kuficha chochote, tena kwa fahari. Tangu balbu ya barazani ilipoibwa, ile ambayo aliifunga mwenyewe, alikuwa ameona kwamba taa ya samaki inatupa mwanga unaocheza kwenye pazia. Mwizi akipita anadhani kuna mtu anaangalia televisheni. Kwa hiyo kila nilipoingia kulala yeye alinyanyuka, akaiwasha, akaacha pazia wazi kidogo, na kabla ya swala akaizima isinikere. Alikuwa amepanga kila kitu.

"Hii samaki ni askari mzuri," alisema. "Hakuna siku mmoja amelala kazini."

Nilikaa kwenye kiti. Nilitaka kumweleza kwamba mwanga ni chakula cha mwani, kwamba mimea ina kiasi chake na ikishiba mwanga unaobaki unaliwa na mwingine, kwamba alichokuwa akikifanya ni kuongeza mchana wa pili juu ya mchana. Lakini alikuwa anachelewa, na uso wake ulikuwa na ile furaha ya mtu aliyepata silaha bila kuinunua. Nikamwacha aende. Nikaamua tu kwamba siku hiyo sitoki. Kama kuna jambo hili nililokuwa silijui, kuna mengine. Nitakaa kwenye kiti kile nione nyumba inafanya nini na tangi langu.

Sikusubiri sana. Tangi liko pembeni ya meza ya chakula, maana ndipo penye soketi. Mama alikaa kunywa chai, akavunja mkate, akatia kipande mdomoni, na bila hata kugeuza kichwa akafinya kipande kingine na kukidondosha majini. Samaki walikuja mbio. Walikuwa wanamjua.

"Mama, unafanya nini?"

"Nini?"

"Umewapa mkate."

"Wananitazama," alisema mama. "Nile vipi mtu ananitazama?"

"Si watu, mama."

"Wana macho."

Lazima nieleze jambo hili kwa asiyekulia kambini. Pale milango yetu ilikuwa imeshikana kama meno. Ukipika, jirani anajua umepika nini. Ukila, mtoto wa jirani amesimama mlangoni. Hakuna aliyefundishwa kwa maneno, lakini kumeza tonge mbele ya mtu anayekutazama bila kummegea lilikuwa jambo ambalo halikufanyika, hata kama ulikuwa na kipande kimoja cha muhogo. Mama alitoka kambini na sahani zake, na mkono wake ukatoka hivyohivyo, umezoea kumega. Na mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimeweka macho madogo mengi kwenye usawa wa sahani yake.

Mchana tulikula posho, yaani ugali, na maharage. Mpangaji wetu alikuwa amerudi kula nasi. Nilikaa nikijifanya nasoma simu. Yeye alidondosha kidonge cha posho. Mama, ambaye alikuwa ameahidi asubuhi ileile, alidondosha kingine akiwa ameangalia dirisha. Baba alisubiri mpaka anyanyuke kunawa, akapitisha mkono juu ya tangi kama mtu anayefukuza inzi.

Nikawauliza wote watatu kwa pamoja. Ilibainika kwamba kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, na kwamba kila mmoja alikuwa akiwahurumia samaki kwa sababu mimi, msomi, nawapa chakula kwa ncha ya kijiko.

"Miye nawapa kidogo tu, dada," mpangaji alisema. "Sawa na kichwa ya sindano."

Baba alisema yeye hajawahi.

"Na kile kipande cha chapati Ijumaa?" mama akamuuliza.

"Ile ilianguka."

"Ikaanguka ndani ya maji, mzee? Kutoka kwenye meza?"

"Ilianguka," baba alirudia, kwa sauti ya taarifa iliyokwisha kusainiwa.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaambia, kwa sauti niliyoijutia baadaye kidogo lakini si sana, kwamba posho isiyoliwa inazama mchangani na kuoza, ikioza maji yanakuwa mbolea, mbolea ikikutana na taa ya usiku kucha mwani unanenepa. Niliwaambia nyumba nzima tunalima. Tunalima mwani, kwa zamu, mchana na usiku, na mimi ndiye pekee niliyekuwa napalilia. Walinisikiliza kwa adabu. Mwishoni mama aliuliza kama basi aruhusiwe kuwapa wali, maana wali haunenepeshi kama posho.

Alhamisi nilikwenda mjini kwenye duka la samaki. Muuzaji alinionyesha chupa ya dawa na kunihakikishia kwamba nikiitia leo, kesho kutwa maji yatakuwa kama ya chupa. Nikamuuliza habari za konokono.

"Watapumzika," alisema.

Nikamuuliza habari za mimea. Akasema inategemea mimea yenyewe ina moyo gani. Nilisimama na chupa ile mkononi mpaka akaanza kuhudumia watu wengine. Ingewezekana. Ndevu zingekauka, mgeni angekuja, na kama mimea ingeyeyuka, ingeyeyuka wiki inayofuata, nikiwa na kazi tayari. Kisha nikafikiria kwamba ingeyeyuka kwake pia siku moja, kwa dawa hiyohiyo, na nitakuwa nimesimama mapokezi nikisema inapumzika. Nikairudisha kwenye rafu. Muuzaji hakushangaa, nadhani alikwisha kunipima.

Ijumaa nikakata. Majani yaliyokwisha kuvamiwa hayaponi. Unaweza kuua ndevu, lakini kingo zake zimekwisha kuwa makovu na kovu ndipo zinaporudi. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo, na ndilo nililokuwa nalikwepa, kwa sababu majani mengi yalikuwa hayo. Nilitoa gogo, nikaliweka kwenye beseni la kufulia, nikachukua mkasi wa mpangaji wa kukatia nyuzi. Kila jani nililikata kwenye kikonyo chake, karibu kabisa na lile shina nene linalolala juu ya gogo, bila kugusa shina lenyewe, maana shina likibaki zima mmea upo. Niliacha majani machanga ya kwenye ncha, ambayo ndevu zilikuwa hazijayafikia. Majani marefu kama utepe niliyapunguza mpaka kwenye sehemu safi. Ule mmea laini kama sufi uliokuwa umejisokota na nyuzi za mwani niliutupa wote, na huo uliniuma. Nikasugua gogo, nikafyonza uchafu wa mchangani kwa mpira, na ulikuwa mwingi: mkate, posho, hata punje ya mahindi ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Nikabadilisha sehemu ya maji.

Halafu nikamwambia baba kwamba taa ile ni ya mimea na inafanya kazi mchana tu, usiku atafute askari mwingine. Sikuwa nimewahi kumwambia baba hapana na kusubiri jibu. Alinitazama, akatazama beseni, akasema, "Sawa, afande," na jioni akarudi na balbu mpya ya barazani pamoja na kijizimba cha chuma cha kuifungia. Kopo la chakula cha samaki nililipeleka chumbani kwangu. Kiti cha mama nilikigeuza, akawa anakula amewapa samaki mgongo, kama mtu aliyenuna.

Tangi lilikuwa tupu. Lilikuwa safi, lakini tupu: gogo lenye vikonyo, majani machache machanga, na samaki wenye njaa waliokuwa wakimtafuta mama. Si tangi la kumwonyesha mtu unayetaka akuajiri. Simu ilikuwa mezani na namba ya yule mama ilikuwa juu kabisa. Sikuipiga, wala siwezi kusema nilikuwa nimeamua kutoipiga. Nililala nikiwa bado katikati.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuoga. Niliporudi sebuleni, tangi lilikuwa limejaa.

Mama alikuwa amesimama kando yake, mikono imelowa, kitenge chake kizuri kimefungwa kwa juu kisilowe. Ndani ya maji kulikuwa na mimea ya plastiki: ya kijani, ya kijani zaidi, mmoja mwekundu, na mmoja wenye ua la zambarau ambalo halijawahi kuota mahali popote duniani. Vikonyo vyangu havikuonekana kabisa.

"Nimekufunika," alisema kwa upole.

"Mama."

"Sikiliza. Huyu ni mtu wa macho. Ataona kijani, atafurahi, atakupa kazi. Halafu hayo yako yataota polepole, tutayatoa haya moja moja. Nani ameumia?"

Ukweli ni kwamba nilitazama na nusu yangu ikakubali. Kutoka mlangoni lilipendeza. Nilianza kuhesabu kama kawaida yangu: akiuliza kama ni hai nitasema nini, asipouliza je, kutouliza kwake ni ruhusa, na nikipata kazi kwa ua la zambarau nitaanzaje kumweleza kwamba wageni wake wasitupe mkate majini. Geti likagongwa. Baba alikwenda kufungua, na nikasikia sauti yake ya ukaribisho wa kiofisi, na viatu vya mgeni kwenye saruji.

Mama alinitazama. Alikuwa amenunua vitu vile kwa fedha zake, akavificha, akasubiri niingie bafuni, na angenisamehe nikiviacha na angenisamehe nikivitoa, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa linaniachia mimi.

Nikakunja mkono wa gauni na kuingiza mkono mpaka juu ya kiwiko. Niliung'oa ule wenye ua kwanza. Mchanga ulivurugika, samaki wakatawanyika, maji yakanimwagikia miguuni. Yule mama aliingia akanikuta nimeshika shada la plastiki linalovuja kwenye zulia, na mwekundu bado umening'inia ukingoni. Nikautoa na huo. Mama alipokea vyote kwa kitenge chake, akapeleka jikoni.

"Karibu, mama," nikamwambia mgeni. "Mimea mingi nimeikata jana, ilishikwa na mwani. Hivi unavyoiona ndiyo hali yake. Kaa hapa nikuonyeshe huo mwani ulipoanzia, na kwa nini."

Nikamvutia kiti cha mama, nikakigeuza kikatazama tangi.